Shangazi Ova, Sauti Iliyosema "Nipo"

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti. Mwenye sufuria jikoni apunguze moto. Mwenye watoto awape kitu cha kutafuna, watulie. Mama tunayemkumbuka leo alikuwa na sikio kali kuliko mtu yeyote niliyepata kumjua, na kwa heshima yake naomba leo na sisi tusikilize vizuri.

Tunamkumbuka Shangazi Ova. Ndivyo alivyoitwa na jengo zima, na mimi nitamwita hivyo hivyo. Shangazi Ova alikuwa mshonaji. Alikuwa pia mwendeshaji redio wa kujitolea katika kituo cha uokoaji baharini. Narudia: mshonaji, na mwendeshaji redio wa kujitolea. Amefariki hivi karibuni, kwenye ngazi za jengo alilokuwa akiishi. Hizo ngazi nitazirudia baadaye.

Jina lake lilitoka kwenye kazi. Mtu wa redio za majini akimaliza kusema, anasema "ova". Maana yake, mimi nimemaliza, sasa nakusikiliza wewe. Na redio zile, wapendwa, ukibonyeza kitufe kusema, husikii kitu. Ukitaka kusikia lazima uachie. Shangazi aliibeba kanuni hiyo mpaka dukani. Alikuwa anamwambia muuza nyuzi, "Nyeusi, bunda moja, isiwe ile inayokatika, ova," kisha anasimama kimya anasubiri. Jirani akiongea bila kupumua, alimwambia, "Mwenzangu, achia kitufe." Watoto wa jengo wakacheka, wakampa jina, na jina likaganda.

Wiki iliyopita nilikwenda alikokuwa akiishi. Ghorofa ya tatu, jengo halina lifti. Chumba kimoja kikubwa, dirisha moja lenye nondo, na ukichungulia unaona ukuta wa jengo la pili na kipande cha mbingu. Kitanda kiko ukutani. Cherehani iko ubavuni mwa kitanda, karibu kiasi kwamba aliyelala akinyoosha mkono wake mzima anaigusa. Kitandani yupo dada yake. Jengo zima humwita Dada Mkubwa.

Dada Mkubwa alikuwa dereva wa teksi. Mji huu aliujua mpaka uchochoro wa mwisho. Mama yao alipokufa, yeye ndiye aliyemlea mdogo wake kwa usukani huo huo. Halafu akapata kiharusi. Upande wa kushoto ukafa, mguu na mkono. Ulimi haukuguswa. Yeye mwenyewe aliniambia, "Daktari alisema nimebahatika kubaki na maneno. Wengine wote humu ndani walisema wamekosa bahati."

Tangu siku ile, dada wawili wakaingia kwenye chumba kile na mlango ukafungwa. Mmoja hakuweza kutoka kwa sababu ya mguu. Mwingine hakuweza kutoka kwa sababu ya mwenzake. Miaka ikapita hivyo. Shangazi alishona, akapika, akamgeuza dada yake asipate vidonda, akashona tena. Wateja walipanda wenyewe kuleta nguo. Sokoni alitumwa mtoto wa jirani. Aliwahi kumwambia jirani yake kwamba amesahau mguu wake unatembeaje barabarani. Alisema kwa kucheka, lakini jirani alimwona akifuta macho kwa kile kitambaa cha kupimia kola.

Jirani huyo naye mumjue. Ni mama wa mlango wa pili, kazi yake kupiga pasi mashuka hotelini. Huingia kazini alasiri. Kabla ya hapo yuko huru, na ndiye aliyesema, "Wewe toka kidogo upate hewa, nitakaa na mgonjwa mpaka saa yangu ya kwenda pasi." Kila kitu mtakachosikia sasa kilitokea ndani ya upenyo huo mdogo.

Siku moja kituo cha uokoaji kilimletea Shangazi majaketi ya kuokolea, mikanda imechanika. Akayashona. Akaenda kuyapeleka mwenyewe. Walimwambia asubiri kwenye chumba cha redio. Kichumba chenyewe hakina dirisha kabisa. Kuna meza, kiti, ramani ya bahari ukutani, na spika. Akiwa amesimama pale, sauti ya nahodha ikatoka kwenye spika, ikiuliza hali ya upepo mbele yake. Aliyekuwa zamu akamjibu. Nahodha akashukuru. Basi, hapakuwa na zaidi ya hapo.

Lakini Shangazi alishikwa. Aliganda pale na majaketi mkononi. Mkuu wa kituo, mzee mmoja mpole mwenye kikohozi, anayakumbuka maneno yake.

"Akaniuliza, 'Hii kazi anafanya nani?' Nikamwambia, yeyote anayetaka, ni ya kujitolea, ila lazima asome na afaulu mtihani apate cheti. Akauliza, 'Lazima ajue kuogelea?' Nikasema hapana, huyu hatoki humu, kazi yake kukaa. Akacheka mpaka akashika meza. Akasema, 'Kukaa? Mzee wangu, kukaa ndiyo fani yangu.'"

Dada Mkubwa hakucheka. Alipoambiwa habari hiyo alimtazama mdogo wake na kusema, "Kwa hiyo unatoka kwenye chumba kimoja unakwenda kujifungia kwenye kingine?"

Lilikuwa swali zuri. Shangazi alisema tu, "Kule sauti zinaingia bila kufungua mlango."

Akaanza mafunzo. Kituo kikamwazima redio ndogo ya kupokea, inayoshika vyombo vya majini na hata matangazo ya kawaida kama haya yetu, ya kujizoeza kusikiliza. Akaiweka kwenye stuli karibu na kitanda. Cherehani ikinguruma, redio ikikoroma, na Dada Mkubwa akilalamika kwamba sasa wamehamia gereji. Lakini wapendwa, kulalamika ni kitu kimoja na kusikiliza ni kingine. Siku chache tu, yeye ndiye aliyekuwa akisema, "Nyamaza basi, yule nahodha wa jana ameharibikiwa tena."

Wakawa wanafanya mazoezi. Shangazi anakaa kwenye cherehani, anashika mkasi kama maikrofoni. Dada Mkubwa anaita kutoka kitandani: "Kituo, kituo, hapa ni Kitanda. Nazama. Nahitaji chai. Ova." Na Shangazi, bila kupepesa macho, anamjibu kwa utaratibu wote. Jirani aliniambia walikuwa wanacheka mpaka ukuta unatetemeka. Kicheko hicho hakikuwa kimesikika upande ule kwa muda mrefu.

Siku ya mtihani ikafika. Mwanafunzi anakaa kwenye redio. Mkufunzi anakaa chumba cha pili, anajifanya yuko baharini. Akaita kwa sauti ya mtu anayehema: boti yetu inaingia maji, tusaidieni! Shangazi akabonyeza kitufe. Na mama huyu, aliyelelewa vizuri, akasema kile ambacho mimi na wewe tungesema.

Alisema, "Ee Mungu wangu! Poleni sana, kaka. Poleni jamani. Hamjaumia?"

Akaachia kitufe. Kimya. Akaita tena. Kimya. Mkufunzi akatoka chumba cha pili, akasimama mlangoni. "Betri yao imekufa," akasema. "Umewapa pole. Hujui walipo."

Akafeli.

Alirudi nyumbani akapanda ngazi zile moja moja. Dada Mkubwa alipopewa habari alicheka kwanza. Halafu akaona uso wa mdogo wake, akaacha. Akamwambia, "Sikiliza. Pole tutawapa wakishafika nchi kavu. Kwanza waulize walipo." Kisha, kwa mara ya kwanza, akasema, "Utarudia mtihani huo, utake usitake."

Kuanzia hapo zoezi lilikuwa moja tu. Maswali matatu, kwa mpangilio, bila kuweka kitu mbele yake. Uko wapi? Mko wangapi? Tatizo ni nini? Pole baadaye. Narudia, maana ndiyo kiini cha habari yetu: uko wapi, mko wangapi, tatizo ni nini. Dada Mkubwa akiita kuomba maji, Shangazi aliuliza, "Uko wapi?"

"Kitandani, mwehu wee, nitakuwa wapi?"

"Mko wangapi?"

"Mimi na mguu uliokufa."

"Tatizo?"

"Kiu, na mdogo wangu kichaa. Ova."

Mara ya pili alifaulu. Cheti kikatundikwa juu ya cherehani, kwenye msumari uliokuwa wa kalenda. Shangazi akapangiwa zamu za mchana, kuanzia jirani anapokuja mpaka kabla jirani hajaenda pasi. Alikwenda kwa miguu, akarudi kwa kukimbia. Hakuchelewa.

Isipokuwa siku moja.

Siku hiyo bahari ilichafuka tangu asubuhi. Mchana nahodha wa boti ya mizigo akaita. Shangazi aliuliza vyote, kwa mpangilio. Wako wapi: wamepanda fungu la mchanga, boti imelala upande. Wangapi: watano. Tatizo: maji yanaingia, na maboksi ya vigae yameteleza yakaziba mfuniko wa chumba cha injini. Na chini ya mfuniko yumo mtu. Fundi wa injini. Kisha redio ya nahodha ikazimika, maana maji yalishafika kwenye betri.

Boti ya uokoaji ikaondoka palepale. Lakini mawimbi yalikuwa usoni mwake, na njia ilikuwa ndefu. Shangazi akaita tena na tena. Mwishowe ikajibu sauti nyingine, nyembamba, ya kukatikakatika. Fundi yule alikuwa na redio ya mkononi.

"Uko wapi?"

"Chini. Chumba cha injini."

"Mko wangapi?"

"Peke yangu."

"Tatizo ni nini?"

"Mfuniko hausogei. Giza. Maji yako magotini. Dada, nisemeshe. Nisemeshe tu."

Wapendwa, maswali yalikuwa yamekwisha. Kanuni ilikuwa imekwisha. Mkuu wa kituo alikuwa amesimama nyuma yake, na anasema ndipo alipomwona akiinamia maikrofoni karibu aibusu. Akasema, "Pole sana, mdogo wangu. Sasa sikiliza. Usinijibu. Kila ukinijibu betri inakwisha. Wewe sikiliza tu. Mimi nitasema. Kila nikisema 'nipo', ujue nipo."

Akaanza kusema. Vyombo vingine vyote viliamriwa kunyamaza kwenye chaneli ile, vikanyamaza. Bahari yote ile ikawa inamsikiliza mshonaji.

Kituo kile kina desturi yake. Aliyepokea wito wa dharura ndiye anayeumaliza. Sauti haibadilishwi, kwa sababu mtu aliye taabuni huishika sauti moja kama anavyoshika kamba. Lakini saa ya ukutani ilikuwa inakwenda. Jirani alikuwa anakaribia kuondoka kwenda pasi, na simu yake huiacha kwake, maana kule anakopigia pasi haziruhusiwi. Mwenzake wa zamu iliyofuata akaingia, kijana mzuri tu, akamwambia, "Shangazi, nenda kwa mgonjwa, mimi nipo." Mkuu naye akamwambia nenda. Shangazi akasimama. Kijana akakaa, akabonyeza, akasema kwa sauti yake nene kwamba yeye ndiye ataendelea.

Na fundi, aliyekatazwa kujibu, akajibu. "Yule dada yuko wapi? Jamani, mmempeleka wapi?"

Shangazi alikuwa na mkoba begani tayari. Mkuu anasema alitazama saa, akatazama mlango, akatazama kiti. "Nimeona watu wakitishwa na bahari maisha yangu yote," akaniambia. "Sijaona uso kama ule." Akaketi tena, mkoba ukiwa bado begani. Akabonyeza kitufe. "Nipo. Nipo hapa."

Alisema nini muda wote ule? Alisema kila kitu. Alieleza jinsi ya kutia kola ikakaa. Alieleza teksi ya dada yake iliyokuwa inafungwa mlango kwa kamba. Alieleza dada yake anavyokoroma. Akimaliza moja, "nipo", anaanza lingine. Na hakujibiwa. Hakujua kama anaongea na mtu hai au na maji. Aliendelea kusema kwenye ukimya ule, na roho yake nusu iko chini ya mfuniko wa boti, nusu iko ghorofa ya tatu nyuma ya mlango uliofungwa kwa nje.

Boti ya uokoaji ilifika. Walitupa vigae baharini boksi kwa boksi. Halafu kwenye spika ikaja ile sauti nyembamba.

"Dada. Niko juu."

Shangazi akasema, "Rudia."

"Niko juu, dada. Niko nje."

"Rudia," akasema tena. Mkuu ananiambia alikuwa amesikia vizuri kabisa mara ya kwanza.

Alikimbia nyumbani. Akafungua mlango. Kitanda kilikuwa kitupu.

Dada Mkubwa alikuwa sakafuni, katikati ya kitanda na ukuta. Jirani alipoondoka, alijaribu kufikia kikombe cha maji, akateleza, akaangukia bega. Hapo alipoangukia hapakuwa na nafasi ya kujigeuza. Alikaa hapo alasiri nzima. Alipiga kelele mwanzoni, lakini jengo lile mchana ni tupu, watu wako makazini.

Shangazi hakuweza kumwinua peke yake. Akalala chini ya kitanda, akampitishia mkono, akalia kilio cha mtoto. Watu walipokuja wakamnyanyua mgonjwa, Shangazi alipanda kwenye kiti, akakitoa cheti kwenye msumari. Alisema anakirudisha.

Sasa msikilizeni Dada Mkubwa, nilivyomrekodi.

"Nikamwambia, kitundike. Nimelala sakafuni siku nzima kwa ajili ya hicho cheti, halafu wewe unakirudisha? Kitundike! Akasema, 'Nilikuacha peke yako.' Nikamwambia, peke yangu wapi? Redio ilikuwa kwenye stuli. Nilikuwa nasikia yote. Nilisikia ukiutangazia ulimwengu kwamba nakoroma. Kila ukisema 'nipo', na mimi nilikuwa najua upo. Wewe ulidhani unaongea na mtu mmoja. Tulikuwa wawili."

Nikamuuliza, "Kwa hiyo hukukasirika?"

"Nilikasirika. Bega hili halijapona mpaka leo, na mpaka leo nimekasirika. Kwani mtu akikasirika ndiyo asiseme ukweli?"

Cheti kikarudi kwenye msumari. Kituo kikatafuta mtu wa kukaa na mgonjwa pale zamu inapochelewa. Fundi wa injini akaja kusalimia, akakaa, akatengeneza bawaba ya mlango. Shangazi akaendelea na zamu zake mpaka siku ya mwisho.

Na sasa nazirudia zile ngazi.

Siku hiyo jirani alikuwa amewahi kutoka kwenda pasi. Dada Mkubwa alisikia hatua za mdogo wake zikipanda. Anazijua hatua hizo kama alivyokuwa akiujua mlio wa injini yake. Ghorofa ya kwanza. Ya pili. Halafu zikasimama. Akasubiri. Hazikuendelea. Na hakuweza kwenda. Angeenda vipi?

"Nikaita," ananiambia. "Sikusema jina lake. Nilisema, 'Uko wapi?'"

Na Shangazi alijibu. Alijibu kwa mpangilio, kama kwenye mtihani. "Ngazini." Akapumua. "Peke yangu." Akapumua. "Kifua."

Dada Mkubwa akapiga kelele ya kuita watu. Jengo lilikuwa tupu, kama siku ile. Halafu akaacha kupiga kelele, akamwambia mdogo wake, "Usinijibu. Sikiliza tu. Mimi nipo." Akaanza kusema. Alimsimulia teksi. Alimsimulia mama yao. Alimtukana kidogo, anasema, ili ajue ni yeye kweli. Kila baada ya maneno machache, "Nipo. Nipo hapa." Alisema hivyo kupitia mlango, kwenye ukimya, bila kujua kama anaongea na mtu hai, mpaka mtu wa ghorofa ya kwanza aliporudi kutoka kazini, akaifuata sauti juu, akamkuta Shangazi Ova amekaa kwenye kidato, kichwa ukutani, upande wa sauti.

Alikuwa ameshaondoka.

Wasikilizaji wapendwa, hapa ndipo huwa natoa pole. Kila kipindi natoa, na ninyi mnaijua sauti yangu ninapoitoa. Lakini leo nikianza na pole, mama yule atanifelisha. Kwa hiyo nilipokuwa pale chumbani niliuliza kwanza. Nilimuuliza, "Dada Mkubwa, uko wapi?"

Akanitazama. "Kitandani, mwehu wee, nitakuwa wapi?"

"Mko wangapi?"

Alinyoosha mkono wake mzima, akaigusa cherehani. "Mmoja," akasema. "Jumapili fundi anakuja, tunakuwa wawili."

"Tatizo ni nini?"

"Jirani akishaenda pasi mpaka watu warudi, hakuna sauti humu."

Basi. Sasa naweza kusema. Pole sana, Dada Mkubwa. Poleni kituo cha uokoaji, mkuu, kijana wa zamu, fundi wa injini, mama wa mlango wa pili. Poleni watoto wa jengo mliompa jina zuri.

Na wewe unayenisikiliza, najua jengo lako. Lina ngazi, na juu ya ngazi hizo kuna mlango ambao huupita kila siku ukisema moyoni, masikini, pole yake. Unajua nani yuko nyuma ya mlango huo? Yuko na nani? Ana shida gani? Gonga umuulize. Anza na hilo, pole itafuata.

Dada Mkubwa, najua redio iko kwenye stuli na mama wa pasi ameshaondoka. Usinijibu. Sikiliza tu. Nipo. Nipo hapa.

Na ninyi wengine, mimi nimeachia kitufe. Ova.